Vidonge 80 kwa siku

"Dada yangu, hizi dawa ni za mtu mmoja?"

Kijana wa duka la dawa pale Mafinga alikuwa amekitazama kikaratasi changu muda mrefu kabla ya kuuliza. Nilikuwa nimeandika kwa mwandiko wangu wa darasa la saba: omeprazoli ya miligramu 20, vidonge 80 kwa siku, siku 28. Akavuta kikokotoo, akabonyeza, akanigeuzia nisome mwenyewe. 2,240. Nyuma yangu foleni ilikuwa imeacha mazungumzo yake, inasikiliza yetu. Nikasema si za mtu, ni za farasi mwenye vidonda vya tumbo. Mama mmoja aliyekuja kuchukua dawa ya kikohozi ya mtoto akashika kiuno: "Farasi naye ana vidonda vya tumbo? Kwani ana mawazo ya nini, anadaiwa kikoba?"

Duka zima likacheka. Na mimi nikacheka, ingawa tangu alfajiri nilikuwa sijatia kitu mdomoni kwa wasiwasi.

Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Kipimo ni miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa farasi, mara moja kwa siku. Uzito niliupata kwa kamba, maana utepe wa fundi cherehani unaishia sentimita 150 na kifua cha Asumini, farasi mwenyewe, kinazidi hapo. Unazungusha kamba kifuani nyuma ya miguu ya mbele: 172. Unapima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako: 160. Unazidisha 172 kwa 172, kisha kwa 160, unagawanya kwa 11,880. Nikapata kilo 398. Hapo ni karibu miligramu 1,600 kwa siku, yaani vidonge 80.

"Utampaje?" kijana akauliza. Nikamwambia nitavitwanga kwenye kinu nichanganye na molasi. Akafungua kidonge kimoja mbele yangu, akamwaga chembechembe nyeupe kiganjani. "Ona hizi. Kila chembe imevikwa koti. Dawa yenyewe inaharibiwa na asidi, koti ndilo linaloivusha tumboni mpaka ifike kwenye utumbo. Ukitwanga, umeivua koti. Asidi ya huyo farasi wako itaila dawa kabla dawa haijamsaidia." Akakataa kuniuzia. Nimekutana na wauza dawa wengi, wa watu na wa mifugo, na wanaokataa hela nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Daktari wa mifugo alikuwa ameshaniambia nitafute pasti ya farasi, ile inayokuja kwenye bomba la plastiki na imetengenezwa kwa ajili ya tumbo la farasi. Mimi ndiye niliyejifanya mjanja, nikadhani nitampunguzia bosi gharama. Pasti ikaagizwa Nairobi. Iliposhuka kwenye basi zilikuwa zimepita wiki karibu tano, na ninayoandika hapa ni habari za hizo wiki tano, tulipokuwa na mgonjwa bila dawa, na kila mtu wa Mufindi nzima ana ya kwake ya kushauri.

Nimekuwa saisi, mtunza farasi, kwa miaka tisa, kwenye shamba ambalo farasi hawazidi wanne. Watu wakisikia farasi huwaza Arusha. Lakini huku juu, zaidi ya mita 1,800, ndorobo hawatusumbui na baridi inapunguza usubi wanaoeneza ule ugonjwa unaomuua farasi ndani ya siku chache. Kwa hiyo farasi anaishi, tena vizuri, katikati ya chai na mipaina. Asumini ni jike la kijivu la miaka 11. Bosi wetu ni mama wa Kitanga, jina hilo alimpa yeye, na mpaka leo watu wa huku wanamwita "Asimini" au "yule mweupe".

Aprili Asumini aliteleza kwenye tope akaumia kifundo cha mguu. Akaandikiwa poda ya maumivu, fenilbutazoni, akaila wiki tatu. Mguu ukapona. Mei akaanza kukonda, na mimi kwa akili yangu nikaona ni baridi inaingia, nikamwongezea mahindi ya kuparazwa: kilo mbili asubuhi, kilo mbili jioni. Akazidi kukonda. Manyoya yakasimama na kufifia kama zulia lililolowa. Nikimfunga mkanda wa tandiko anageuza shingo na kunikamata mkono wa koti kwa meno, yeye ambaye watoto wa shule walikuwa wakipita chini ya tumbo lake. Usiku nilimsikia akisaga meno. Kisha akaanza kususa: mahindi anayaacha, anakula nyasi. Daktari aliposikia hilo la kususa mahindi na kula nyasi, halafu nikamtajia ile poda ya Aprili, hakutaka kusikia zaidi. Kamera ya kumwingizia farasi tumboni huwa na urefu wa mita 3 na haikuwepo karibu yetu, akasema tutamtibu kwa dalili.

Tumbo la farasi ni dogo kuliko mwili unavyokudanganya, lita 8 hadi 15 tu. Lichukulie kama kibuyu ambacho fundi alikipaka nta nusu ya chini, akaitwa kula, hakurudi. Nusu ya chini ina tezi za kutoa asidi na ina ute wa kujikinga nayo. Nusu ya juu haina ute huo, utando wake ni ndugu na ule wa koo. Kati yake kuna mpaka unaoonekana kwa macho, kama mshono, na hapo ndipo vidonda vingi hujipanga. Dawa za maumivu kama ile poda zinafanya ubaya wake chini: zinapunguza ute, nta inabanduka. Lakini lililonikalisha kitako ni jingine. Tumbo la mtu huongeza asidi akila, au akinusa pilau ya jirani. La farasi linatoa asidi saa 24, ale asile. Ameumbwa kutembea akichuma majani kutwa na sehemu kubwa ya usiku, na kinachoipoza asidi yake ni mate. Nayo mate ya farasi hayatoki kwa harufu wala kwa hamu. Hutoka akitafuna, basi. Akiacha kutafuna, bomba limefungwa, na asidi inaendelea kudondoka.

Yule mama wa kikohozi aliuliza mawazo ya nini. Farasi wa mbio huko nje, wakipimwa kwa kamera wakiwa kwenye mazoezi, wanane au tisa katika kila kumi hukutwa na vidonda. Hawana kikoba hao.

Wa kwanza kuja na tiba alikuwa Babu. Babu ni saisi mstaafu, alilea farasi wa walowezi kabla mimi sijazaliwa, na hata sasa hapiti siku mbili bila kuja bandani kukosoa. Alikuja na mkungu wa majani ya mshubiri, yeye anauita litembwetembwe kama wengi wa huku, na kila kaya inayofuga kuku wa kienyeji inao mmoja nyuma ya jiko kwa ajili ya kutia kwenye maji ya kuku. Nikamwamkia. Hakuitikia mpaka alipotua mzigo.

"Mjukuu wangu, leta chupa ya bia."

"Ya nini, Babu?"

"Tunamnywesha. Yote. Na huu wa njano ndio wenyewe."

Alikuwa ameshakata jani moja na kulisimamisha kwenye bakuli, na utomvu wa njano ulikuwa unateremka taratibu, wenye harufu ya kitunguu kilichooza na chuma. Niliuonja kwa ncha ya ulimi. Tunasema chungu kama shubiri kila siku, lakini wengi wetu hatujawahi kuionja. Nilitema mate mpaka saa sita mchana.

Nikamuuliza Babu wale walowezi walikuwa wanaitumia kwa nini. Akasema kwa farasi aliyekula sana akafunga choo: kidonge kikubwa cha shubiri kavu, anasukumiwa kooni, na kesho yake saisi anafagia kutwa nzima. Akanyamaza. Nadhani alijisikia mwenyewe. Ule wa njano ni dawa ya kuharisha, na ilikuwa dawa ya kuharisha farasi duniani kote kwa miaka mingi kabla ya dawa za viwandani. Kumpa jike aliyekonda, mwenye tumbo lenye vidonda, ni kumzika. Na ile chupa ya bia nayo nilikuwa na kesi nayo: farasi hawezi kutapika, na ukimnywesha kwa nguvu huku ameinua kichwa, kinachokosa njia huingia mapafuni.

Tukakubaliana katikati. Tuliyasimamisha majani usiku kucha yatoe ule wa njano wote, asubuhi tukayamenya kama unavyomenya samaki, ngozi ya kijani ikatupwa yote, ukabaki ule ute wa ndani unaong'aa kama barafu. Tukauosha mara tatu. Mpaka maji yakawa safi na ulimi haukuona uchungu tena. Babu ndiye aliyeuonja mara ya mwisho, kama adhabu. Tukampa Asumini kikombe asubuhi na kikombe jioni, kwenye majani yaliyokatwakatwa.

Ulisaidia? Huko Australia, Chuo Kikuu cha Adelaide waliwahi kuyapambanisha haya mawili, ute wa mshubiri na omeprazoli, kwa farasi wapatao 40 wenye vidonda, siku 28, kamera kabla na kamera baada. Waliopona kabisa kwa omeprazoli walikuwa asilimia 75. Kwa mshubiri, 17. Ukihesabu waliopata nafuu tu, hata kama hawakupona, omeprazoli ni 85 na mshubiri 56. Matokeo hayo Babu nimemsomea. Alichosikia yeye ni 56. Mimi nilisikia 17. Kama pasti isingekuwa njiani ningeendelea kumenya litembwetembwe mpaka kesho, lakini nisingemwambia mtu kuwa ni mbadala.

Baada ya Babu walikuja wengine, na hawa sitawakalia sana. Kabichi: juisi yake inasifiwa kwa watu, lakini kwa farasi jamii ya kabichi hujaza gesi, na msokoto wa tumbo ndio hofu ya kila saisi. Asali: ni sukari, na sukari ikifika kwenye ile nusu ya juu isiyo na nta huchachuka na kuwa asidi nyingine. Kwa hesabu hiyohiyo na molasi yangu nikaifukuza. Majivu sikuyajadili. Soda ya kuokea hupunguza asidi kweli, lakini kwa muda mfupi tu, na mimi si wa kusimama bandani na kijiko kila baada ya saa moja. Bosi alikuja na kopo la poda kutoka Uingereza lenye picha ya farasi anayeruka uzio, na nyuma orodha ya majani na mizizi isiyopungua kumi na tano. Urukususi umo, tangawizi imo, mbegu za kitani zimo. Nikapima kijiko kimoja, gramu 30. Gawanya gramu 30 kwa vitu kumi na tano uone kila kimoja kinabaki na nini. Virutubisho hivi havilazimiki kuthibitisha kuwa vinaponya kama dawa inavyolazimika, ndiyo maana kopo limejaa "husaidia" na "hutunza", hutaona "hutibu". Katika vitu vya namna hiyo ninachokiheshimu kidogo ni matunda ya hipofae, kichaka cha miiba chenye vitunda vya rangi ya chungwa kinachoota Asia na Ulaya. Watafiti wa Louisiana waliwapa farasi maji yake, na waliponyimwa chakula, vidonda vya nusu ya chini vilikuwa hafifu kuliko kwa wasiopewa. Vya nusu ya juu havikubadilika. Ila kichaka hicho Mufindi hakipo, basi.

Mafuta ya mahindi niliyaweka, lakini kwa sababu nyingine. Kuna utafiti wa poni waliopewa mililita 45 kwa siku, asidi ikapungua. Ukafuata mwingine wa majike waliopewa mafuta ya aina tatu, na vidonda vikaja vilevile. Mimi niliyataka kwa nguvu tu: kikombe cha mafuta kinampa mnyama nguvu bila ule wanga wa mahindi.

Na hapo kwenye wanga ndipo nilipojikamata mwenyewe.

Nilikuwa nimeazima mizani ya mama anayeuza viazi barabarani, ile ya saa ya kuning'iniza, nipime majani. Jioni moja nikaining'iniza kwenye boriti ya banda nikampimia Kapteni, farasi wetu dume aliyehasiwa, kilo moja kamili ya nyasi kavu za Rhodes, nikakaa kwenye ndoo na simu mkononi nikimhesabia muda. Nilimtumia Kapteni kwa sababu yeye ni mlaji, hana maringo. Anakusanya majani kwa midomo, taya linakwenda pembeni, linasaga, linarudi; upande mmoja kwa muda, kisha upande wa pili, na kila akimeza unaona donge likiteremka shingoni. Pembe za mdomo zililowa mpaka povu jeupe likadondoka kwenye buti langu. Nilijaribu kuhesabu kutafuna kwenyewe, nikafika 900 bodaboda ikapita nikapotea. Kilo ile ilimchukua dakika 38. Kesho yake, saa ileile, kilo moja ya mahindi ya kuparazwa. Dakika 9, na mbili kati ya hizo alikuwa analamba hori. Povu halikuwepo. Midomo ilikuwa mikavu, ina vumbi la unga.

Nikachukua kalamu. Kilo nne za mahindi kwa siku, theluthi mbili ya mahindi ni wanga, hapo ni zaidi ya kilo mbili na nusu za wanga. Kiasi ambacho watu wa vidonda wanashauri usikipite ni gramu 2 kwa kila kilo ya farasi kwa siku: kwa Asumini, gramu 800. Nilikuwa nampa zaidi ya mara tatu. Alikuwa anakonda kwa sababu tumbo linamuuma, mimi nikamwongezea kinachomuumiza, akazidi kukonda, nikaongeza. Hakuna aliyeniamuru, niliamua mwenyewe, tena kwa upendo.

La usiku lilikuwa baya zaidi. Saa kumi na mbili jioni nilikuwa nawafungia na kuwawekea wavu wa majani, kilo mbili hivi. Asubuhi nafungua saa moja. Kwa mizani na simu yangu, kilo mbili zinaisha kabla ya saa mbili usiku. Kuanzia hapo mpaka saa moja asubuhi mnyama amesimama gizani kwa muda wa saa 11, asidi inadondoka, hakuna jani wala mate. Wadenmark walipowachunguza farasi 201 wa mazizi ya kawaida, si wa mbio, waliona kwamba kukaa zaidi ya saa 6 kati ya lishe moja ya majani na nyingine kuliongeza uwezekano wa vidonda karibu mara nne. Kutokuwa na maji malishoni, mara mbili na nusu. Saa 6! Mimi nilikuwa na 11, na kiwanjani hapakuwa na ndoo, maana "watakunywa wakirudi". Nilikuwa nimezunguka Mafinga nzima nikitafuta dawa, na ufunguo wa banda uko mfukoni mwangu.

Tukabadilisha wavu. Babu alisuka mpya kwa kamba za manila, matundu madogo, sentimita tatu, ili ang'oe jani mojamoja badala ya kubeba fungu. Nyavu mbili, zimewekwa pembe mbili za banda ili atembee. Jumla ya majani ikawa kilo 8 kwa siku, tano kati ya hizo za usiku. Mahindi yakashuka taratibu kwa siku kumi mpaka konzi moja ya kubebea mafuta. Mlango wa kati tukauondoa ubao wa juu ili Asumini na Kapteni wanuse pua. Ndoo ya maji ikaenda kiwanjani, na asubuhi za baridi kali tulivunja ukoko wa barafu kwa ngumi.

Daktari aliongeza jambo moja: lusini. Majani yake yana kalisi na protini nyingi, vyote hupoza asidi tumboni, na Wamarekani wa Tennessee na wa Texas wameonyesha kwa kamera kuwa farasi wanaokula lusini wana vidonda hafifu kuliko wanaokula nyasi peke yake. Si lazima aile kutwa. Robo ya majani yake inatosha, na konzi mbili kabla ya kupandwa. Hiyo ya kabla ya kupandwa sikuielewa mpaka nilipokumbuka kisima cha nyumbani. Kila mwanamke aliyechota maji anajua: unakata tawi lenye majani unaliweka juu ya ndoo, ndipo unajitwika. Majani yanatulia juu ya maji, unapanda mlima maji hayakurukii. Farasi akienda mwendo wa matiti au shoti, yaani akikimbia, tumbo linabanwa, asidi inapanda kwenye ile nusu isiyo na nta. Ukimpandisha tumbo tupu, amebeba ndoo bila majani. Na sisi kwa adabu zetu tulikuwa tunasema farasi asile kabla ya kazi.

Basi nikaenda kununua lusini. Duka lenyewe silitaji, ni moja ya yale yanayouza kila kitu, mbolea, vifaranga na kamba. Nikasema, "Kaka, lusini ipo?" Akasema, "Lusina ipo, gunia limefika jana." Tofauti ya herufi moja. Nikabeba. Majani makavu, madogo madogo, yametoka joto huko bondeni, yana harufu nzuri ya chai. Asumini aliyapenda, nikafurahi.

Siku ya kumi na mbili nilikuwa namchana mkia. Kitana kikaja na unywele, nikautoa. Kikaja na kishungi. Nikashika shungi lingine kwa vidole, wala sikuvuta, nikalishika tu, likabaki mkononi mwangu kama uzi uliokatika kwenye kitambaa. Chini yake ngozi safi, ya waridi, haina kidonda. Singa za shingoni nazo vilevile. Nilipiga picha nikamtumia Daktari kwa WhatsApp. Hakuandika, alipiga simu: "Unamlisha nini?" Lusina ni mti. Watu wanalisha kuku na mbuzi majani yake, na ni chakula kizuri cha mbuzi, lakini ina sumu iitwayo mimosini inayong'oa nywele. Mbuzi na ng'ombe wa sehemu nyingi wana vijidudu tumboni vya kuivunjavunja. Farasi si mcheuaji, hana hao. Lusini ni mmea mfupi wa maua ya zambarau. Tangu siku hiyo sitaji jina dukani, naonyesha picha.

Gunia likaenda kwa mbuzi wa Babu. Singa zilirudi, ila mpaka Krismasi Asumini alikuwa na mkia wa mbuzi, na bosi hakutaka apigwe picha.

Lusini ya kweli tuliipata kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, robota mbili kwa wiki, na tukapanda yetu nyuma ya banda. Mwaka wa kwanza ilidumaa ikawa njano. Udongo wa huku ndio unaopendwa na chai kwa sababu una asidi, na lusini haiutaki. Tukaununulia udongo chokaa. Babu alisema shamba zima lina vidonda vya tumbo.

Pasti ilifika Julai, siku ya ukungu ambao huoni mkono wako. Nilimpa kila alfajiri kabla hajala, nikampimia nusu saa, ndipo majani, maana dawa hii hupokelewa vizuri na tumbo lisilojaa. Lakini usiku kucha alikuwa na wavu wake, kwa hiyo tumbo tupu la farasi wangu ni saa mbili za mwisho tu, sikukubali zaidi. Wiki ya pili ya pasti alianza kumalizia chakula. Ya tatu akaacha kusaga meno. Kwa kamba yangu kifua kilifika 176. Siku ya 28 haikuwa mwisho wa ghafla, Daktari alitupunguzia kidogo kidogo, kwa sababu tumbo lililozoea kuzimwa likiachiwa mara moja hurudi na asidi kwa kisasi.

Bosi aliniuliza ni kipi kilichomponya, ili ajue anunue nini mwakani. Nikamwambia ukweli kwamba tulibadilisha kila kitu ndani ya miezi miwili, na anayeweza kuchomoa kimoja akakivisha taji ana macho kuliko mimi. Ila nikamwambia pia kwamba kabla pasti haijashuka kwenye basi, nikiwa na wavu wa matundu madogo, ute wa mshubiri na mkia uliopukutika, jike lilikuwa limeshaacha kuning'ata wakati wa mkanda. Masikio bado yalilala nyuma. Lakini meno aliyaweka ndani. Babu anasema hilo ni litembwetembwe, na mimi nimeamua kutobishana na mtu aliyeonja shubiri kwa niaba ya farasi.

Mizani ya watu bado ninayo. Yule mama wa viazi amenikumbusha mara mbili, ya mwisho alinikuta nimemning'inizia Kapteni wavu wake wa jioni, sindano imesimama kwenye tano, akasema, "Kamwene dada, kumbe na huku mnauza kwa kilo?" Nikamwambia anipe mpaka Jumamosi, nikienda Iringa nitanunua yangu.